Kweli au Uongo: Mvinyo kwenye Soksi, chini ya Mlima Meru

Watu waliokula makande ya bweni moja hawaoneani haya. Wakusanye baada ya miaka, huyu daktari, yule mchungaji, mwingine meneja wa benki, na bado hakuna atakayeacha kauli ya mwenzake ipite bila kuibishia. Mvinyo unawafaa watu wa namna hiyo, maana kila mmoja ana alichokisikia na hakuna aliyewahi kukihakikisha. Sisi tulikutana Tengeru, kwa mwenzetu mwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, wikiendi moja ya Julai, baridi ya kuvalia sweta. Hoja zilianza kabla kizibo cha kwanza hakijatoka. Nimezikusanya zile zilizorudi mara nyingi, na hukumu ya kila moja.

"Zabibu zinataka baridi. Tanzania haiwezi kutoa mvinyo wa maana."

Uongo. Wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya altare. Tangu hapo zao hilo limeenea Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vijiji vya jirani, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina ardhi ya kichanga na mvua ya msimu mmoja.

Mzabibu wa Ulaya hulala majira ya baridi na kuamka wenyewe. Wa Dodoma haulali, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogolea, mche unachipua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Hapo ndipo linapotoka jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halijui: mavuno mawili kwa mwaka, moja kwenye Machi na lingine kwenye Agosti na Septemba. Lile la Machi linaangukia mvua, magonjwa ya ukungu yanasumbua na tunda linabeba maji mengi. La kiangazi lina sukari ya kutosha, na hilo ndilo mtengenezaji mvinyo hulipigia hesabu.

Kinachoiumiza Dodoma ni foleni. Zabibu ya mvinyo ikishachumwa haisubiri kikao. Kiwanda cha umma cha Dowico kilipokufa, wakulima walibaki wakitegemea wanunuzi wachache, na hata baada ya viwanda binafsi kama Cetawico ya Hombolo na Alko Vintages kuingia, msimu ukijaa kuna mzigo unaokosa pa kwenda. Mtu anayetaka kuusema vibaya mvinyo wa nyumbani aanze na hapo, si na hali ya hewa.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini basi miteremko ya Meru, yenye rutuba kuliko Dodoma yote, haina mizabibu. Rutuba siyo shida ya mzabibu. Huku tuna masika na vuli, na mawingu yanaukalia mlima asubuhi nyingi. Kahawa na mgomba hushukuru hali hiyo, mzabibu huota ukungu.

"Wa Afrika Kusini ni bora, ndiyo maana ni ghali."

Nusu. Ubora upo, hilo nisibishe: mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa mwaka 1659, na watu wenye zaidi ya miaka 360 ya kukosea na kurekebisha hawawezi kukosa walichojifunza. Lakini bei ya dukani Arusha haisemi hayo. Imebeba meli, malori, faida za watu kadhaa, na kodi. Sheria ya ushuru wa bidhaa inautoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini kiwango kidogo mno ukilinganisha na ule wa nje. Sehemu nzuri ya pesa unayotoa kwa chupa ya Stellenbosch inakwenda Hazina.

Kuna na suala la umri. Waliosoma enzi za ubaguzi wa rangi hawakukutana na chupa ya Rasi kabisa, kwa sababu Tanzania iliisusia serikali ya Makaburu pamoja na bidhaa zake. Kwao mvinyo ulikuwa Dodoma, basi. Baada ya 1994 rafu zikajaa chupa za kusini, na kizazi kilichofuata kikakua kikijua kwamba cha kusini ndicho cha wageni na cha Dodoma ndicho cha kununulia haraka.

Hapo wenzetu wa Dar wakaingiza hoja ya mnara wa saa wa Arusha, kwamba ndio katikati ya Cairo na Cape Town. Tuliipima kwenye simu. Kutoka Arusha hadi Cape Town kwa mstari ulionyooka ni mbali kidogo kuliko hadi Cairo, tofauti haifiki kilomita 150 katika safari ya karibu 3,900. Si haba. Ila mstari wenyewe wa Cairo hadi Cape Town haupiti huku hata kidogo, katikati yake inaangukia mashariki mwa Kongo, upande wa Kindu. Mnara hauna kosa, ila waongoza watalii wamezidisha chumvi.

"Mtu mwenye ulimi hadanganyiki."

Uongo, na hapa ndipo tulipocheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Ili tuonje bila kuona lebo, chupa zilivalishwa soksi nyeupe za shule, zile ndefu za kufika gotini, kila moja na namba yake ya wino mweusi. Aliyezivalisha alikaa nje ya mchezo. Kwa kazi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo hakukosa kutega: namba 2 na namba 5 zilikuwa mvinyo uleule, mwekundu wa Dodoma usio na utamu. Aliyekuwa dada mkuu wetu, ambaye hata kwenye sherehe bado anagawa zamu za kuosha vyombo, alizungusha glasi, akainusa kwa macho yaliyofumbwa, akaipa namba 2 alama 4 kati ya 10 na kuandika: "Ukakasi umezidi." Namba 5 aliipa 8. "Umetulia. Huu Ulaya, msinibishie." Soksi zilipovuliwa akadai ya kwanza ilikaa dirishani ikapata upepo.

Asijilaumu. Huko California kulikuwa na profesa mstaafu, Robert Hodgson, mwenye kiwanda chake kidogo cha mvinyo, aliyechoka kuona mvinyo wake ukipata medali shindano hili na kutupwa shindano lile. Akaomba majaji wa maonyesho ya jimbo wapimwe: kati ya glasi walizopewa, tatu zilitoka chupa moja bila wao kujua. Matokeo aliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba ni kama jaji mmoja tu kati ya kumi aliyezipa glasi hizo alama za kufanana. Na hao ndio majaji.

Mwaka huohuo watafiti wengine wa California waliwanywesha watu mvinyo mmoja mara mbili, wakiambiwa mara hii ni wa dola 10 na mara hii ni wa dola 90. Wa 90 uliwapendeza zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka kweli. Hawakuwa wanajifanya. Bei ilikuwa imeingia mdomoni pamoja na mvinyo.

Kwa hiyo ukiandaa mchezo huu, mimina glasi zote kwa pamoja, kidogo kidogo, na kila mtu aandike alama zake kabla mtu hajafungua mdomo kwa kuongea. Katika kila darasa kuna sauti moja ambayo wengine huifuata tangu kidato cha kwanza. Ikitangulia kusema "huu mzuri", umepoteza kura zilizobaki.

"Mwekundu haupozwi. Unanywewa kwa joto la chumba."

Arusha mwezi wa Julai, kweli. Dar, uongo mtupu. Chumba kinachosemwa kwenye kanuni hiyo ni cha Ulaya ya zamani, nyumba ya mawe yenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Tengeru jioni ya Julai iko hapohapo au chini yake, ukiuacha mwekundu mezani uko sawa. Sebule ya Mikocheni yenye nyuzi 29 itautoa spiriti puani kabla hujauonja. Uweke kwenye friji nusu saa na mtu akikushangaa mwambie umetoka Arusha.

"Ukikaa sana ndiyo unakuwa mtamu."

Uongo kwa karibu kila chupa utakayoikuta dukani. Mvinyo mwingi duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ile chupa ya harusi iliyosimama juu ya kabati tangu mtoto wa kwanza, jua la mchana likiipiga ubavuni, imebaki kuwa siki ya kumbukumbu.

"Wa ndizi siyo mvinyo."

Hapa Arusha, kwenye makao ya kiwanda cha Banana Investments na chupa zake za Raha, kauli hii inaweza kukukosesha marafiki. Kwa mujibu wa shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, kweli: jina hilo ni la zabibu mbichi zilizochachuka peke yake. Kwa mujibu wa kemia, hamira haina habari na jina. Inakula sukari, inatoa kilevi na hewa, iwe sukari ya zabibu, ya ndizi au ya asali. Waarusha na Wamasai walikuwa na pombe yao ya asali ya sherehe, iliyochachushwa kwa mizizi ya mshubiri au tunda la mwegea, kabla mzabibu haujafika Bihawana.

Jumamosi mchana tulitembea hadi kwa mama mmoja anayepika mbege. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmekuja kusoma au kunywa?" Alituonyesha sufuria ya ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikageuka rangi ya udongo mwekundu, halafu zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni kulikuwa na ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa uji. Maji ya ndizi yakichujwa na kuchanganywa na uji ule, kesho yake ni mbege. Uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe, na hapo kila mpishi ana mkono wake. Alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele yetu, kisha akampa mkubwa wetu kwa umri. Povu lilikuwa zito, na ulezi ulibaki kwenye meno kama mchanga laini.

Dada mkuu, ambaye usiku uliopita alisikia matunda ya porini na ngozi ya viatu kwenye glasi, alionja akasema tu: "Imechacha." Tukamwambia aandike kama alivyoandika za jana. Alipojilazimisha aliona mengi: uchachu wa mbele, utamu wa ndizi iliyoungua kidogo, uchungu unaochelewa nyuma ya ulimi. Ulimi ulikuwa nao wakati wote. Hakuwahi kuambiwa kwamba mbege nayo inastahili kuandikwa.

Kuna waliokataa wakisema pombe ya kienyeji ina sumu. Sumu wanayoiogopa, methanoli, ni ya pombe kali zilizochakachuliwa. Mei 2014 iliua makumi ya watu Kenya kupitia pombe iliyotiwa kemikali ya viwandani. Mbege haikenekwi na haiongezwi spiriti. Cha kuulizia kwa mpishi ni maji na usafi wa vyombo.

"Waini ni nyepesi, kilaji cha kina mama."

Tufanye hesabu ya kaunta. Chupa ya mvinyo ni mililita 750, na kilevi asilimia 13. Bia yetu ya kawaida ni mililita 500, asilimia 5. Chupa moja ya mvinyo ni sawa na bia nne kasoro kidogo. Yule shemeji anayemwambia mkewe "wewe kunywa tu waini" huku yeye akihesabu bia zake, afanye hesabu upya.

"Mwekundu ni dawa ya moyo, hata madaktari wanasema."

Walisema. Mwaka 1991 kipindi cha televisheni cha Marekani kiliuliza kwa nini Wafaransa wanakula mafuta mengi na mioyo yao haidondoki, na jibu lililopendwa likawa mvinyo mwekundu. Mauzo yakapanda. Baadaye ikaonekana kwamba wanywaji wa kiasi waliofuatiliwa mara nyingi walikuwa pia na kipato kizuri, wanafanya mazoezi na wanakula mboga, na kwamba kundi la "wasiokunywa" lilichanganya watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ile dutu ya kwenye maganda ya zabibu iliyosifiwa, resveratroli, iko kidogo kwenye glasi kiasi kwamba ini litakufa kabla moyo haujafaidi.

Pombe imewekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama. Daktari wetu aliyasema hayo huku ameshika glasi. Hakuna aliyemkejeli. Alikuwa anakunywa kwa sababu anapenda, na hiyo ni sababu ya kweli kuliko ya dawa.

"Divai ya altareni haina kilevi."

Uongo. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mvinyo halisi wa zabibu, usioharibika, na mvinyo halisi umechachuka. Padri mwenye sababu huruhusiwa kutumia maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa mwanzoni. Wa ndizi hauruhusiwi, hata Arusha.

"Asiyekunywa hana cha kufanya kwenye kuonja."

Uongo, tena ni uongo unaovunja darasa. Tulikuwa na Waislamu wawili, Msabato mmoja na mlokole aliyewahi kuwa kinara wa kutorokea disko. Wapo watakaokushauri uwape waonje na kutema, kwa kuwa hata wataalamu hutema. Ni kweli wataalamu hutema, na hakuna ukosefu wa adabu ukiweka ndoo mezani. Lakini mtu aliyekataa kwa imani hajakataa kumeza tu. Usimbembeleze.

Meru ina jibu lake. Miteremko hii inatoa kahawa ya arabika, na waonjaji wa kahawa Moshi, kwenye mnada, wana kazi ileile: kunusa, kuvuta kwa kijiko kwa kelele ambazo matroni wetu angetuadhibu kwazo, kuzungusha mdomoni, kutema, kuandika. Maneno yao nayo hayako mbali: uchachu, uzito, utamu, kinachobaki ulimini. Tuliweka meza ya pili yenye kahawa za mashamba ya karibu, za kukaangwa hafifu na za kukaangwa sana, nazo zikiwa kwenye vikombe vya namba. Mlokole aliibuka na ulimi mkali kuliko sisi sote. Alizitambua mbili zilizofanana, jambo ambalo upande wa mvinyo lilitushinda.

"Ukinywa huku juu inapanda haraka."

Arusha mjini ni mita 1,400. Hapo hakuna mwinuko wa kusingizia. Majaribio ya hewa hafifu yaliyofanywa kwa ajili ya usalama wa marubani hayakukuta kilevi kikizidi kwenye damu. Kilichopo ni kwamba mtu aliyefika mahali pa juu bila kuzoea tayari kichwa kinamuuma, halali vizuri na amekaukiwa, na pombe inamwongezea hayo yote.

Hilo lilizaa hoja nyingine, kwamba tukimaliza Ijumaa na chupa, Jumamosi tupande Meru na Jumapili jioni tuwe kwenye basi. Uongo wa hatari. Kilele kiko mita 4,566. Safari ya kawaida ni siku nne, walio fiti sana tatu, ikipita Miriakamba kwenye mita 2,500 hivi na Saddle kwenye 3,570, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati. Wikiendi inatosha kutembea hadi maporomoko ya Tululusia, ukisindikizwa, bila chupa kwenye begi.

"Kinachouma kichwa ni salfaiti."

Mara chache. Matunda yaliyokaushwa huwa na salfaiti nyingi kuliko mvinyo na hakuna anayelalamika akila. Mwenye pumu awe mwangalifu, hilo ni kweli. Waliobaki waangalie idadi ya glasi na idadi ya bilauri za maji.

"Ukizimua asubuhi unapona."

Uongo mtamu kuliko wote. Unachofanya ni kuahirisha: mwili ulioanza kushusha mzigo unaubebesha mwingine, na maumivu yanakusubiri mchana ukiwa stendi. Kahawa nayo inakuamsha tu, hailishawishi ini kuharakisha kazi yake, kwa hiyo usimwamini aliyekunywa vikombe viwili akadai anaweza kushika usukani.

Mtori ni habari nyingine, ingawa nao hauondoi kilevi. Unakupa maji, chumvi na chakula laini ambacho tumbo lililochafuka halikikatai, na hayo ndiyo mwili unayodai saa moja asubuhi. Chemsha nyama na mifupa Jumamosi usiku kabla watu hawajalala, menya ndizi mapema uziloweke, na funguo za gari apewe mmoja wa meza ya kahawa.